Jua likipatwa, macho tuyalinde vipi

Jamani, Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 mchana jua litapatwa. Kule Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa dakika zaidi ya 6, sie wa Unguja na Pemba tutaliona limemegwa tu, na hapo ndo penye hatari, maana watu wataona video za Misri wenzetu wamevua miwani jua likiwa limefunikwa lote, wadhani na sie tunaweza. Hatuwezi. Huku kwetu hakuna hata sekunde moja ya kulitazama kwa macho matupu.

Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu, basi mtoto analikodolea jua, anarudi kucheza zake, masaa yakipita au kesho yake asubuhi ndo anasema mama naona doa katikati, na dawa ya uhakika ya hilo doa hakuna.

Tafuta miwani maalum yenye alama ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua. Lakini alama isikutoshe, kuandika kila mtu anaweza, kwa hiyo ivae ukiwa ndani mwako: ukiona ukuta au mlango, hiyo siyo. Ikiwa na mikwaruzo au tundu tupa. Ivae umeinama ndo uinue uso, na kuvua geuka kwanza. Na usichungulie darubini ukiwa umevaa miwani hii, lenzi inakusanya jua linaunguza miwani na jicho.

Miwani ya fasheni ya Darajani, filamu za eksirei, CD, kioo cha masizi, acheni kabisa. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, chini ya hapo hakifai. Beseni la maji najua wazee wetu wamelitumia sana, ila jua la kwenye maji nalo linaumiza.

Huna miwani? Chukua chujio la jikoni, lipe jua mgongo, kivuli kiangukie mchangani, kila tundu litakuchorea kijua kilichomegwa. Chini ya mwembe pia utaviona, vimejaa tele, watoto wanapenda mno! Mie naona hii ndo njia bora kwa skuli zetu, haina gharama.

Swala ya kupatwa kwa jua huwa ndefu, watu wazima wakiwa msikitini watoto wadogo wabaki na mtu wa kuwaangalia, wasiachwe uwanjani peke yao. Na akitokea wa kulalamika doa au ukungu, mpelekeni hospitali kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, msimtie maziwa wala dawa ya matone ya kununua dukani.