Mauzo ya mahamri na modeli ya ngazi: pa kuanzia

Haya, chukulia umezunguka kutoka Likoni mpaka Kisauni ukaandika mauzo ya wamama 30 wanaouza mahamri na mbaazi asubuhi, kila mmoja siku 20 zilezile, ukarudi nyumbani na mistari 600 kwenye kompyuta. Wengi hapo wanatia rigresheni ya kawaida, ile hesabu inayochukulia kila mstari umejitegemea, moja kwa moja na ndo wanapokosea, manake zile siku 20 za mama mmoja zinafanana, wateja walewale, mkono uleule, kona ileile. Huna watu 600, una wamama 30 na siku zao. Modeli ya ngazi ndo inayotambua hilo: siku ziko ndani ya mama, na kila ngazi inahesabiwa kivyake.

Kwanza jua tofauti inatoka wapi. Fungua R, ile programu ya takwimu, pakia lme4, kifurushi chake cha modeli za ngazi, andika (d ni jedwali lako, na (1 | mama) inaiambia kila mama ana kiwango chake):

lmer(mauzo ~ 1 + (1 | mama), data = d)

Inakupa variensi mbili, yaani vipimo vya mtawanyiko, moja ya kati ya mama na mama, nyingine ya siku na siku kwa mama huyohuyo. Tuseme ya kwanza ni 40,000 na ya pili 160,000. Gawanya ya kwanza kwa jumla yao unapata 0.2, hiyo ndo ICC, sehemu ya tofauti inayotokana na mama mwenyewe. Usiidharau hata kidogo: toa moja kwenye siku za kila mama, zidisha kwa ICC, ongeza 1, yaani 1 + (20 − 1) × 0.2 ni 4.8, na 600 ukigawa kwa 4.8 unabaki na 125. Yaani kwa kutafuta wastani, mistari yako 600 ina uzito wa mistari 125 iliyojitegemea. Ukipuuza, kosa sanifu, kipimo cha shaka ya kadirio lako, linatoka dogo kuliko ukweli na unatangaza jambo ambalo halipo.

Sasa sehemu ninayoipenda mno. Tuseme wastani wa wote ni shilingi 1,500, na badala ya siku 20 kuna mama umempata siku 3 tu na wastani wake ni 2,100. Je ni hodari hivo kweli ama ulimkuta siku nzuri? Modeli inamvuta kuelekea kwa wenzake, inamkadiria kama 1,757. Angekuwa na siku 20 ingemkadiria 2,000, kwa sababu ushahidi wake umeshiba. Wallahi mimi naona hii ni haki, haimtupi mwenye data chache na haimuamini kupita kiasi.

Halafu mvua. Mwenye kibanda cha mabati hasumbuki sana, aliye wazi kando ya barabara biashara inakufa, kwa hivyo ruhusu kila mama awe na mwinamo wake, yaani kiasi mauzo yake yanavyobadilika mvua ikinyesha, andika (1 + mvua | mama). Na kumbuka mvua ikinyesha Jumanne mara nyingi inawanyeshea wote, siku nayo ni kundi linalokatiza wamama, basi ongeza (1 | siku) la sivyo utadhani umeona mvua mara 600 na wewe umeiona siku 20. R ikilalamika kwamba fiti ni singular, yaani variensi moja imeangukia sifuri ama mianzo (viwango vya wamama siku kavu) na miinamo imefungamana kabisa, punguza mwinamo uanze na modeli nyepesi.

Kaunti ndogo je? Mombasa zipo sita tu, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na makundi sita ni machache mno kukadiria variensi vizuri. Usiziweke ndani ya mabano, zitie kama kigezo cha kawaida:

lmer(mauzo ~ mvua + kaunti_ndogo + (1 + mvua | mama) + (1 | siku), data = d)