Mekapu nyepesi kwa asubuhi ya baridi Kigezi, hatua kwa hatua

Mekapu inayokaa vizuri Kampala mara nyingi huharibika Kabale, mji wa Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, kabla hata ya saa tatu asubuhi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Kampala karibu 1,200. Juni na Julai, usiku na alfajiri, joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na ukungu hujaa mabondeni. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo. Ukiipasha moto ndani ya chumba kwa sigiri, yaani jiko la makaa, inazidi kukauka, na maji inayoyatafuta inayapata kwenye ngozi yako. Wakati huohuo vipodozi vingi madukani vimetengenezwa kupambana na jasho na mafuta: vinakausha, havina mng'ao, na vingine vina spiriti. Ukivipaka juu ya ngozi iliyopauka, vinashika kila gamba na kulionyesha.

Mwongozo huu ni wa bi harusi wa kuhingira (sherehe ya kumuaga bi harusi kwao), wasimamizi wake, na yeyote anayetaka watu waone ngozi nzuri badala ya mekapu. Unafaa vilevile sehemu nyingine za baridi milimani, kama Kisoro na Kapchorwa. Kumbuka uso huohuo lazima uvumilie ukungu wa saa moja asubuhi na jua kali la saa saba mchana.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Changanya sukari kijiko kimoja cha chai na asali kidogo, sugua midomo taratibu kwa nusu dakika, suuza, paka vaselini nene ulale nayo. Usifanye hivyo asubuhi: midomo iliyotoka kusuguliwa huwasha kwa baridi na rangi haitulii juu yake. Nyusi zichongwe siku mbili kabla. Uso usisuguliwe kabisa.

1. Kunawa

Maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni laini ya uso. Sabuni ya mche iache kwa nguo. Gusagusa na taulo, uache uso ukiwa na unyevunyevu, na uende hatua ya pili papo hapo.

2. Unyevu

Hapa ndipo uso unapofaulu au kuharibika. Wengi hupaka losheni haraka haraka na kukimbilia faundesheni, kisha wanalaumu faundesheni.

Anza na glisirini iliyozimuliwa: kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tengeneza ya siku hiyo tu, kwa sababu haina kitu cha kuizuia isiharibike. Glisirini tupu inanata, na hewa ikiwa kavu inavuta maji kutoka ndani ya ngozi na kuyaacha yapotee. Kwa hiyo isikae peke yake. Ifunikwe mara moja.

Kifuniko ni krimu, si losheni. Losheni ina maji mengi na baridi inaishinda. Chukua kiasi cha maharage mawili kwa uso mzima na shingo, pasha kati ya viganja, kisha bonyeza usoni. Usisugue.

Halafu mafuta, lakini mahali panapobanduka tu: kando ya pua, pembe za mdomo, chini ya macho. Mimi nachagua mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda, yale ya Acholi, Lango na West Nile, kwa sababu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi. Hata hivyo asubuhi ya Kabale nayo huganda kidogo, kwa hiyo chukua kiasi cha punje ya mahindi na uipikiche vidoleni mpaka iwe maji kabisa. Chembe iliyobaki ngumu itaacha alama chini ya faundesheni. Vaselini inafaa pia, ila usiipake uso mzima. Jua likitoka, kila kitu juu yake kinateleza.

Sasa ngoja dakika kumi. Vaa, suka, kunywa chai, lakini ngoja. Kisha bandika mgongo wa mkono shavuni: ukinata kidogo na kutoka mkavu, ngozi iko tayari. Ukiteleza, bonyeza tishu mara moja.

Usipongoja, utaona faundesheni ikijiviringa na kuwa vipumba, kama uchafu wa raba ya penseli. Tatizo hili linakula saa nzima kwa sababu kila ukiongeza faundesheni kuficha, vipumba vinaongezeka. Chunguza kwa mpangilio huu:

- Krimu ilikuwa nyingi mno, au haikupewa muda. Hii ndiyo sababu ya kawaida.
- Ulisugua badala ya kubonyeza.
- Chini kuna jeli, kwa mfano jeli ya alovera ya bei nafuu. Vitu vinavyoifanya iwe nzito hukauka na kuacha utando, na utando huo ndio unaojiviringa. Kwenye baridi sitaki jeli yoyote chini ya mekapu.
- Kipodozi kimoja ni cha silikoni na kingine ni cha maji. Soma orodha ya viambato: majina yanayoishia na -cone au -siloxane ni silikoni. Kama yako juu kabisa kwenye faundesheni, na krimu yako haina hata moja, jaribu kwanza mgongoni mwa mkono jana yake: changanya tone la kila kimoja na usugue. Yakitengana au kufanya punje, hayaendi pamoja.

Ikishatokea, acha kuongeza. Lowesha sponji, itie krimu kidogo, ondoa sehemu iliyoharibika peke yake, ngoja tena, uanze upya hapo. Usioshe uso mzima.

Jambo moja la usalama: chumba cha bi harusi asubuhi hufungwa madirisha na sigiri kuwekwa katikati. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua. Pasha maji nje, fungua dirisha, mpe shuka nzito.

3. Kinga ya jua

Baridi haimaanishi jua limepungua. Kadiri unavyopanda, mionzi inaongezeka, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Paka SPF 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Ile nyeupe ya zinki huacha ngozi nyeusi na rangi ya majivu, na kwenye picha za flashi uso unatoka mweupe. Tafuta yenye rangi ya kahawia iliyotiwa oksidi za chuma. Hizo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Dakika kumi tena.

4. Faundesheni

Ya majimaji au ya krimu, kamwe si ya poda. Rangi ijaribiwe kwenye taya kuelekea shingoni, nje kwenye mwanga wa mchana, na uisubiri dakika kumi kwa kuwa nyingi hukolea zikikutana na hewa. Usimng'arishe bi harusi. Shingo na mabega yanaonekana wazi kwenye mushanana, vazi la sherehe linalotupiwa begani, na uso uliokwajuka juu ya mwili wa kahawia hausahauliki kwenye picha.

Weka tone mgongoni mwa mkono lipate joto kwanza. Ngozi nyingi nyeusi zina paji na pembe za mdomo zilizokolea kuliko mashavu, kwa hiyo usilazimishe rangi moja kila mahali. Anzia katikati ya uso, bonyeza na sponji mbichi iliyokamuliwa vizuri, na uache kingo zikiwa karibu tupu. Palipo na weusi chini ya macho, gusa krimu ya rangi ya chungwa kwanza, kisha konsila kidogo (krimu ya kuficha madoa).

5. Poda

Kando ya pua, kidevuni na katikati ya paji, kwa brashi ndogo. Basi. Kujaza poda mashavuni ndiko kunakofanya uso wa umri wa miaka 25 uonekane wa 45 ifikapo adhuhuri.

6. Mashavu, nyusi, macho

Blasha ya krimu, rangi ya divai au ya tofali. Lipstiki ya rangi hiyo inafanya kazi ileile. Nyusi kwa wanja wa kahawia, nywele kwa nywele.

Upepo wa ziwa Bunyonyi unatoa machozi, kwa hiyo maskara iwe isiyotoka kwa maji, kope za juu tu. Kope za chini ziache. Hapo ndipo maskara huchafua.

7. Midomo

Futa vaselini yote. Rangi ya mdomo ya majimaji inayokauka kabisa itapasuka ukicheka mara mbili, usiinunue kwa msimu huu. Wengi wetu mdomo wa juu umekoza na wa chini una waridi: kwa penseli ya kahawia jaza wa juu kidogo na kingo za wa chini, changanya kwa kidole, kisha mafuta ya mdomo yenye mng'ao.

Kwenye mkoba

Tishu, mafuta ya mdomo, sponji safi na kikopo kidogo cha krimu. Pua ikitiririka, bonyeza tishu bila kufuta. Ukifuta, unaondoa faundesheni na krimu iliyo chini yake. Sehemu ikipauka mchana, pasha krimu kidogo kidoleni na uibonyeze juu ya mekapu yenyewe. Poda iache nyumbani.