Jinsi ya kukusanya albamu za jazi zilizotolewa upya kabla hazijaadimika

Albamu ya jazi isiyo na jina kubwa ikitolewa upya, maisha yake sokoni huwa mafupi. Inatoka, inakaa madukani kwa muda, halafu inatoweka, na anayeitafuta baadaye anaikuta kwa wauzaji wa santuri zilizotumika kwa bei ya kukatisha tamaa. Wengi hudhani wanunuzi wamekuwa wengi kuliko nakala. Mara nyingi sababu ni mkataba wa leseni, yaani wa ruhusa ya kutoa albamu ya mwingine kwa muda, uliofika mwisho. Ukijua kusoma dalili za mkataba huo, utajua ipi ununue leo na ipi inaweza kusubiri mwakani. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua uzi mmoja wa kufuata

Usinunue kila kinachoitwa adimu. Chagua mwanamuziki mmoja, au lebo moja, na umfuate mpaka mwisho. Njia ninayoipenda kuliko zote ni kusoma majina ya wapigaji nyuma ya jalada.

Chukua Open Sesame, albamu ya kwanza ya mpiga tarumbeta Freddie Hubbard, iliyorekodiwa tarehe 19 Juni 1960. Kwenye saksafoni yupo Tina Brooks, na ndiye aliyetunga wimbo uliobeba jina la albamu. Siku sita baadaye, tarehe 25, Brooks alirudi kwenye studio hiyo hiyo ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder pamoja na Hubbard, safari hii yeye akiwa kiongozi, wakarekodi True Blue. Hiyo ndiyo albamu pekee iliyotoka kwa jina lake akiwa hai. Nyingine tatu zilibaki kabatini. Minor Move, aliyoirekodi mwaka 1958, ilitoka kwanza Japani mwaka 1980, miaka sita baada ya yeye kufariki. Jina moja dogo nyuma ya jalada la mtu mwingine limekupa albamu nne za kutafuta, na zote zina muziki wa kukusimamisha ulipo.

Hatua ya 2: Jua nani anamiliki na nani amekodi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, kwa hiyo usiipite haraka.

Matoleo mapya ni ya aina mbili. Aina ya kwanza hutolewa na mwenye mali. Blue Note, lebo iliyowarekodi Hubbard na Brooks, inamiliki kanda zake, na mwaka 2019 ilianzisha mfululizo wa Tone Poet chini ya usimamizi wa Joe Harley. Craft Recordings iko ndani ya Concord, kampuni iliyoinunua Fantasy na hazina yake ya lebo za Prestige, Riverside na Contemporary. Mwaka 2023 ikaufufua mfululizo wa Original Jazz Classics, ambao Fantasy iliuanzisha mwaka 1982. Mwenye mali hana leseni ya kumwishia. Chapa ikimalizika na watu wakiendelea kuuliza, anaweza kuirudisha kiwandani, na Tone Poet kadhaa zimerudi hivyo. Usilipe bei ya ulanguzi kwa toleo la namna hii. Subiri.

Aina ya pili hutolewa na aliyekodi: lebo ndogo iliyopewa ruhusa ya kutoa albamu fulani kwa miaka kadhaa, na pengine kwa idadi maalumu ya nakala. Muda ukiisha, hairuhusiwi kuchapa tena hata kama wanunuzi wamepanga foleni. Mfano ulio wazi kuliko wote ni Mosaic Records, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Michael Cuscuna na Charlie Lourie. Waliweka idadi ya nakala wazi tangu mwanzo, kila sanduku la santuri kadhaa likapewa namba yake. Sanduku lao la kwanza, la mpiga piano Thelonious Monk, lilikuwa na kikomo cha nakala 7,500. Sanduku la rekodi zote ambazo Tina Brooks aliziongoza kwa Blue Note lilifuata katikati ya miaka ya 1980, na tangu liishe hupatikana kwa mkono wa pili tu. Mosaic hutangaza sanduku linapokaribia kumalizika. Ukiona tangazo hilo, amini linachosema.

Kisha kuna zile ambazo umiliki wake umetawanyika, na hizi ndizo ninazozihofia zaidi. Lebo ya Strata-East ilianzishwa mwaka 1971 na wanamuziki Charles Tolliver na Stanley Cowell, kwa mpango wa heshima kubwa: wanamuziki walibaki wenye kanda zao. Kwa msanii lilikuwa jambo la haki. Kwa anayetaka kuitoa upya leo, maana yake ni kwamba hakuna mlango mmoja wa kubisha; kila albamu inaweza kuhitaji makubaliano yake, pengine na warithi. Glass Bead Games ya mpiga saksafoni Clifford Jordan, ya mwaka 1974, ni albamu ya lebo hiyo. Ukiona toleo jipya halali la albamu ya namna hii, linunue siku hiyo hiyo.

Ili kujua uko kwenye aina gani, geuza jalada usome maandishi madogo kabisa ya chini. Kukiwa na jina moja tu la kampuni, huyo kwa kawaida ni mwenye mali. Kukiwa na maneno ya kusema imetolewa kwa leseni kutoka kwa fulani, basi saa imeshaanza kuhesabu. Angalia mwaka wa toleo. Likiwa na miaka kadhaa sokoni bila kuchapwa tena, usilichukulie poa.

Hatua ya 3: Tenganisha toleo la kweli na la kunakili

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 mwaka 2013, lakini haikuzirudishia ulinzi zile zilizokwisha kuupoteza. Kwa hiyo rekodi zilizotoka kabla ya 1963 ziko huru huko, na yeyote anaweza kuzichapa bila kumwomba mwenye kanda. Ndiyo sababu albamu za miaka ya 1950 zimejaa sokoni katika matoleo ya bei nafuu, mengi yakiwa yametengenezwa kutoka kwenye CD. Yapo yanayosikika vizuri. Lakini hayana uadimu wowote, maana likiisha hili, kesho kampuni nyingine inatoa lake. Usiyapangie haraka.

Toleo la kujivunia hueleza chanzo chake: kanda mama ipi, fundi gani aliyekata sahani ya kuchapia, kiwanda gani kilichochapa. Tone Poet, kwa mfano, zinakatwa na Kevin Gray kutoka kanda mama za analogi. Chanzo kikiwa kimefichwa kabisa, mimi huwa naiacha.

Hata hivyo, usidharau toleo lililotoka kwenye nakala pale ambapo mtoaji amesema hivyo waziwazi. Mpiga piano Hasaan Ibn Ali alirekodi albamu kwa lebo ya Atlantic mwaka 1965, haikutolewa, na kanda zake zikateketea kwenye moto wa ghala la Atlantic mwaka 1978. Lebo ya Omnivore waliitoa mwaka 2021 kwa jina Metaphysics kutoka kwenye nakala iliyosalia. Sauti ina mikwaruzo ya umri wake. Bila nakala hiyo, kikosi kile kizima, akiwemo Odean Pope kwenye saksafoni, kingebaki hadithi tu.

Hatua ya 4: Tega masikio mapema

Jiandikishe kupokea barua pepe moja kwa moja kutoka kwa lebo, usitegemee maduka makubwa. Lebo ndogo huchapa nakala 500 au 1,000 hivi, na nyingi huondoka kwenye oda za awali. Kama unapenda jazi ya Afrika Kusini, fuatilia Matsuli Music, walioirudisha albamu ya kundi la Batsumi ya mwaka 1974. Kama ni jazi ya Japani, kuna mfululizo wa J Jazz wa lebo ya BBE. Jazi ya kiroho ya miaka ya 1970 ina Real Gone Music, walioanza mwaka 2020 kuzitoa upya albamu za Black Jazz, lebo iliyotoa albamu 20 tu kati ya 1971 na 1975.

Kisha fungua akaunti ya Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana rekodi, uweke kila albamu unayoitafuta kwenye orodha ya unazozitaka. Weka matoleo yote yanayokufaa, siyo la kwanza pekee, ili upate taarifa pale lolote kati yake linapouzwa.

Hatua ya 5: Panga foleni ya kununua

Pesa haitoshi kwa vyote, kwa hiyo panga hivi. Mbele kabisa ni toleo la leseni kutoka lebo ndogo, la mwanamuziki ambaye rekodi zake ni chache. Baada yake, masanduku yenye namba. Kisha matoleo ya CD ya Japani yanayotangazwa kuwa ya muda maalumu, ambayo wakusanyaji wa santuri huyapuuza ilhali baadhi ya albamu hazijawahi kurudi kwa namna nyingine. Mwisho kabisa, mifululizo ya mwenye mali.

Jambo moja la kiufundi litakusaidia kupima. Ili kuchapa santuri, fundi hukata sahani ya laka, inageuzwa kuwa chuma kiwandani, na chuma hicho ndicho kinachochapa hadi kichakae. Chapa ya pili ikihitaji laka mpya, gharama inaanza upya. Tangu kiwanda cha Apollo Masters kilipoungua California mwezi Februari 2020, laka zimekuwa zikitegemea zaidi kiwanda cha MDC cha Japani. Mwenye mali mkubwa atavumilia gharama na foleni. Lebo ya watu wawili yenye leseni inayokaribia kuisha haitathubutu.

Hatua ya 6: Kagua ikifika

Fungua mara moja. Nailoni iliyobana jalada inaweza kuipinda santuri kadiri miaka inavyokwenda, na kasoro ya kiwandani iliyogunduliwa baada ya muda wa kurudisha kupita ni hasara yako.

Ishike santuri kwa kingo, iinamishe chini ya taa ya pembeni, uizungushe polepole. Kati ya mfereji wa wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati kuna ukanda laini usio na muziki. Hapo utaona maandishi yaliyochorwa kwa mkono au kugongwa kwa muhuri. KPG@CA ni Kevin Gray kwenye studio yake ya Cohearent Audio. BG ni Bernie Grundman. VAN GELDER ni Rudy Van Gelder mwenyewe, aliyefariki mwaka 2016, kwa hiyo ukiona muhuri wake kwenye santuri inayodaiwa kukatwa upya juzi, uliza maswali. Linganisha herufi zote na zile zilizoandikwa kwenye ukurasa wa toleo hilo Discogs. Zisipolingana, una toleo jingine.

Ukiicheza, tazama mkono wa sindano. Ukiyumba kulia na kushoto kila mzunguko, tundu haliko katikati, na noti ndefu za piano zitalifichua kwa kutetereka. Ukisikia sauti kama ya karatasi kuchanika inayorudi kila mzunguko, plastiki haikujaa mifereji. Hiyo haisafishiki. Irudishe.

Hatua ya 7: Tunza

Simamisha santuri wima, zisilaliane wala zisibanane. Nyuzijoto 18 hadi 21 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 vinatosha. Mifuko ya ndani iwe ya polithilini. Ile ya PVC huacha ukungu usiotoka juu ya santuri. Hifadhi vijitabu vya ndani kwa uangalifu ule ule, kwa sababu majina, tarehe na picha zilizomo hazipatikani ukisikiliza kwa mtiririko wa intaneti.

Hatua ya 8: Ukiikosa

Iandikie lebo kwanza. Lebo ndogo huweka akiba ya nakala chache za kufidia zilizovunjika safarini, na ukiuliza kwa adabu huenda ukauziwa moja.

Pili, angalia historia ya mauzo Discogs, uangalie bei ya katikati na tarehe za mauzo ya mwisho. Bei anayoomba muuzaji ni matumaini yake; bei iliyolipwa ndiyo soko. Wiki chache baada ya toleo kuisha bei huruka kwa pupa, na mara nyingi hushuka walanguzi wanapochoka kusubiri.

Tatu, tafuta CD ya zamani ya albamu hiyo hiyo. Nyingi zinauzwa kwa bei ndogo na zimetoka kwenye kanda nzuri.

Nne, fuatilia jina la mwenye mali, siyo la aliyekodi. Leseni ikirudi kwake, lebo nyingine inaweza kuomba, kama ilivyotokea kwa albamu za Black Jazz, ambazo zimepita mikononi mwa watoaji zaidi ya mmoja. Kwenye orodha yako andika pembeni ya kila albamu nani anamiliki, nani alitoa mara ya mwisho na mwaka gani.