Kabla ya kuondoka Mombasa: ubalozi utakaokusaidia vitani huenda uko nchi ya pili

Mtoto wa Mombasa akipata nafasi ya masomo au kazi nje, nyumbani huulizana mambo mengi: mshahara ni kiasi gani, ikama (kibali cha kuishi nchi za Kiarabu) nani ataitoa, ejenti amechukua ngapi. Swali moja husahaulika, nalo ndilo ningependa lianze: huko aendako vita vikizuka, ubalozi gani utamshughulikia, na uko mji gani?

Wengi hudhani ni ubalozi wa Kenya wa nchi hiyohiyo. Lakini Kenya haina ubalozi kila nchi. Lebanon, ambako maelfu ya Wakenya hufanya kazi za nyumbani, kuna konseli wa heshima tu pale Beirut, yaani mwakilishi asiye balozi kamili. Ubalozi unaoisimamia Lebanon uko Kuwait. Mabomu yalipozidi mwaka 2024, binti aliyekuwa Beirut na namba ya konseli peke yake alikuwa na nusu ya msaada wake. Basi kabla ya kulipa tiketi, pata majibu haya na uyaandike: ubalozi uko wapi, unasimamia nchi ngapi, simu yake ya dharura ni ipi, na mpaka ulio karibu na mji utakaokaa ni upi.

Hata ubalozi ukiwepo, vita vikifika mji mkuu nao huhama au hufungwa. Khartoum, mji mkuu wa Sudan, ilituonyesha hayo. Mapigano yalianza 15 Aprili 2023 na uwanja wa ndege ukafungwa siku ileile. Haikupita muda mrefu, balozi kadhaa zikaondoa maafisa wao. Kazi ya kutoa watu ikaangukia nchi za jirani: Ethiopia kupitia Metema, Sudan Kusini kupitia Renk, Misri kupitia Argeen, na Saudia kwa meli za kutoka Port Sudan hadi Jeddah. Watanzania, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa mabasi hadi Ethiopia, kisha wakapanda ndege kurudi Dar es Salaam. Pwani yetu imepeleka vijana wengi kusoma Khartoum miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo habari hii ni ya nyumbani.

Ubalozi ulio nchi jirani hufanya nini hasa? Sehemu kubwa ni karatasi na kubembeleza. Balozi huiomba serikali ya nchi aliyoko iwapokee raia wake bila viza, au kwa viza ya mlangoni. Serikali hiyo nayo hutaka kujua ni akina nani. Hapo ndipo inapotakiwa orodha: jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, simu. Afisa hutumwa mpakani na orodha hiyo, akasimama dirishani na watu wa uhamiaji, jina kwa jina. Ambaye jina lake halimo husubiri pembeni hadi lithibitishwe, na kuthibitisha jina wakati simu zimekatika kunaweza kuchukua siku. Kwa hiyo jiandikishe kwa ubalozi wiki ya kwanza ufikapo, hata kama nchi imetulia tuli. Ukihama nyumba au mwajiri, waarifu. Jambo hili halina gharama, na kwangu mimi linazidi mengine yote nitakayoyataja.

Kupokewa mpakani pia si mwisho. Mwaka 2022 Poland iliwafungulia waliokimbia Ukraine bila kujali uraia, lakini wageni wasio Waukraine walipewa siku 15 tu. Katika siku hizo ubalozi hutafuta malazi na ndege, na aliyepoteza pasipoti hupewa hati ya dharura ya kusafiria, ambayo kwa kawaida humfikisha nyumbani tu.

Tuje kwenye pasipoti. Ile ya Kenya hudumu miaka 10, ila nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 iliyobaki. Ikiwa yako inakaribia kuisha, ishughulikie uhamiaji ukiwa bado hapa Mombasa, usiseme utaibadilisha huko. Kisha jua kwamba inaweza kuwa mbali nawe siku unayoihitaji. Kwenye nchi zenye mfumo wa kafala, ambao kibali cha mfanyakazi hushikwa na mwajiri wake, waajiri wengi huzishika pasipoti za wafanyakazi ingawa hilo ni kosa hata kwa sheria za nchi kadhaa za huko. Na Khartoum kuna Wasudani waliokuwa wameacha pasipoti zao kwenye balozi za kigeni wakingoja viza. Maafisa walipoondoka, nyingine zilibaki zimefungiwa ndani, na ubalozi wa Marekani uliziharibu zilizokuwa kwake. Watu walikwama nchini mwao wenyewe. Piga picha ukurasa wenye sura yako, viza, ikama na mkataba. Jitumie kwa barua pepe, mtumie mtu wa nyumbani, na toa nakala mbili za karatasi. Moja ikae kwenye nguo utakayoivaa, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kadi ya homa ya manjano ichukue mapema na uiweke pamoja na pasipoti. Sindano moja sasa inahesabika kwa maisha yote.

Fedha: vita vikianza benki hufunga, mashine hazitoi, na nauli ya basi hupaa kila saa. Weka dola taslimu za noti ndogondogo, za kukufikisha mpakani na kukulisha siku chache. Usitegemee bima ya safari kwa hili, kwani nyingi hazilipi hasara zitokanazo na vita. Isome kabla ya kutia sahihi. Laini ya simu ya Kenya iwashie huduma ya nje kabla hujaondoka, na namba muhimu ziandike kwa kalamu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni watoto. Katiba ya 2010 inasema mtoto wa Mkenya, awe baba au mama, ni Mkenya popote azaliwapo. Lakini mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa wala jina ubalozini hana cha kumwonyesha afisa wa mpakani, na mama hawezi kumwacha. Mkijaliwa mtoto huko, msajilini mapema, hata kama mazingira ya kuzaliwa kwake yanawatia haya. Mume au mke wa uraia mwingine naye aandikishwe kwa ubalozi wake; wetu unaweza kumwombea, hauwezi kumwamulia.

Usitarajie pia ubalozi ukufuate ndani ya mapigano, ukulipie madeni au umlazimishe mwajiri. Kufika mpakani au bandarini mara nyingi ni juu yako.

Mabaharia wana yao. Machi 2024 meli ya True Confidence ilipigwa kombora karibu na Yemen, watatu wakafa, na walionusurika wakapelekwa Djibouti na jeshi la majini la India. Baharia anayepita Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu ulio kando ya Yemen, aache nyumbani jina la meli, bendera yake, kampuni iliyomwajiri na namba ya IMO (namba ya kimataifa ya kuitambua meli) yenye tarakimu 7, maana meli hubadilishwa jina lakini namba hiyo haibadiliki.

Mwisho ni nyie mnaobaki, Kisauni, Likoni au Mji wa Kale. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na ubalozi, anayejua kusoma hati na asiyezima simu usiku. Jamaa kumi wakipiga kila mmoja na habari yake, orodha huingia majina matatu ya mtu mmoja. Huyo mmoja awe na daftari: namba ya pasipoti, mtaa na jengo la mwisho alipojulikana, yuko na nani, alipatikana saa ngapi, simu ilibaki na chaji kiasi gani. Na akimpata hewani, aulize hayo kwanza. Salamu za mama zifuate baadaye, laini ikiwa bado ipo.