Kuandaa chumba cha mikoko katika kituo cha wageni Lamu

Miongozo mingi ya maonyesho imeandikiwa nchi za baridi. Kule Aktiki, hewa ya ndani wakati wa baridi hukauka hadi mbao zikapasuka. Lamu shida ni unyevu na chumvi, kwa hiyo kabati la kioo lisilopitisha hewa ni mtego: koga humwahi mgeni.

Anza na boriti, maana ndiyo inayounganisha msitu na nyumba. Chukua ya mkoko, iliyonyooka, yenye mita 2.8 hivi, kwa muuzaji mwenye kibali cha kukata, na uhifadhi stakabadhi. Ivue ganda lote, kwa sababu wadudu hujificha chini yake. Ukiona unga laini sakafuni, dumuzi ameshaingia. Itoe nje siku hiyo hiyo kabla hajahamia kwenye milango. Ilaze chini, uchore mstari wa chokaa kila ncha, kisha mgeni asimame katikati. Hapo hahitaji maelezo: vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana hukomea boriti inapoishia. Pembeni panga miti ya mikoko ya unene mwingine, yaani fito, pau, mazio na nguzo, kwa unene wake, na useme kila moja hufanya kazi gani. Taja pia kwamba majahazi yalipeleka boriti Uarabuni kwa upepo wa kusi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Mmea hai unataka ndoo ya lita 20, tope la mikokoni na vichipukizi vitatu vya mkoko, vile virefu kama mkuki. Chomeka theluthi moja tu, ncha kali chini na jicho la majani juu, ukivipindua vinaoza. Mimina maji ya bahari na ya kisima, nusu kwa nusu. Yakipungua ongeza ya kisima peke yake. Wengi huongeza ya bahari, na hapo ndipo mmea unapokufa: maji hukauka, chumvi hubaki na kuzidi kila wiki.

Kando yake weka tawi bichi la mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, lililokatwa asubuhi hiyo mbali na mifereji ya maji taka. Mgeni alambe jani. Mchu hutoa chumvi kupitia majani, ilhali mkoko huizuia kwenye mizizi. Msimu wa masika usijisumbue, mvua huiosha yote (watoto ndio wanaolalamika zaidi).

Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma cha pua. Misumari ya kawaida hulia kutu ukutani kabla mwaka haujaisha. Mbao za maelezo ziache sentimita 5 na ukuta, kwani mawe ya matumbawe hunyonya maji na kutema chumvi. Karatasi iliyofunikwa nailoni huingiwa na maji pembeni. Chapisha kwenye alumini.

Gamba la kasa usiliweke bila kibali cha shirika la wanyamapori, hata kama liliokotwa ufukweni. La mbao, lililochongwa na fundi wa milango, linatosha.

Maelezo yaanze kwa Kiswahili, maneno 60 kwa ubao, katikati ya ubao iwe sentimita 140 kutoka sakafuni. Kabla ya kuchapisha majina ya miti, msomee mkata mikoko, kwa sababu jina hubadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa.