Chaji gari la umeme kwa ampea 8, si 10

Kama unachaji gari nyumbani kwa soketi ya kawaida ya ukutani, shusha mkondo kutoka ampea 10 hadi 8 kwenye skrini ya gari au kitufe cha chaja. Juzi usiku niligusa plagi nikakuta inachoma, pini moja imeshaanza kuwa ya kahawia. Joto kwenye pini hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ukitoka 10 kwenda 8 joto linapungua kwa zaidi ya theluthi, ilhali umeme unaoingia unapungua kwa moja ya tano tu. Kwa volti 230 unapata kama kilowati 1.8. Ukichomeka kwa muda wa saa nane, zinaenda takriban uniti 15 za LUKU, na kwa gari dogo hizo zinatosha kabisa kwenda Posta na kurudi Mbezi hapa Dar, pamoja na foleni na AC. Nusu saa baada ya kuchomeka, gusa plagi kwa mgongo wa kiganja: vuguvugu ni sawa, ikichoma chomoa. Soketi iliyolegea au kuungua haiponi kwa kushusha ampea, mwite fundi aibadilishe na aivutie soketi hiyo waya wa peke yake kutoka mein swichi. Ekstensheni usiitumie, tafadhali. Na kama kesho alfajiri unakwenda Morogoro na betri iko chini, usiku mmoja hautoshi. Anza kuchaji siku mbili kabla.