Namna ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Mitindo ya Wachoraji Mashuhuri

Mtoto wa miaka mitano hana haja na tarehe ya kuzaliwa ya mchoraji, lakini anaona mara moja kwamba picha hii imejaa nukta na ile imekatwa kwa mkasi. Kwa hiyo, kwa watoto wa miaka minne hadi minane, somo lianzie kwenye namna mchoraji alivyofanya kazi, na jina lake lije baada ya mkono wa mtoto kuijaribu kazi hiyo. Wachoraji watatu wanatosha kwa muhula mzima. Mimi huwachagua Edward Saidi Tingatinga, Georges Seurat na Henri Matisse, kwa kuwa hata mtoto aliyesimama mlangoni anaweza kuzitofautisha picha zao.

Kipindi cha kwanza kiwe cha kutazama tu. Bandika picha moja kubwa ukutani, usawa wa macho ya watoto walioketi mkekani, kisha unyamaze kwa dakika nzima, ingawa utauona ukimya huo ni mrefu. Ndipo uulize, "Mnaona nini?" na baadaye, "Mnadhani alitumia nini kuichora?" Usiulize kama picha ni nzuri, maana wote watajibu "ndiyo" na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa watoto wa Afrika Mashariki napenda kuanza na Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania na kuanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Watoto watacheka kwamba jina lake ni sawa na la mashine ya kusawazisha barabara; waache wacheke, kwa sababu hawatalisahau tena. Waeleze kwamba alichorea kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa mbao zilizoshindiliwa, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kuvipata. Kisha waongoze waone mambo mawili: mnyama amejaza picha karibu yote, na nyuma yake mara nyingi kuna rangi tupu isiyo na milima wala nyumba. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mbona chui hana nyasi?" Swali hilo lilikuwa somo zima la siku ile, kwani wenzake walianza kubishana kama chui angeonekana vizuri hivyo iwapo angezungukwa na majani.

Kwa zoezi, kata maboksi ya kadibodi yawe miraba ya sentimita 30 kwa 30. Kila mtoto apake mraba wake rangi moja na kuuacha ukauke hadi kesho yake, na hapa usifanye haraka, kwa sababu rangi mbichi huchanganyika na kugeuka tope. Siku ya pili achore mnyama mmoja anayegusa kingo za mraba, kisha amtie madoa kwa ncha ya kidole. Tumia rangi za maji. Rangi ya mafuta ina harufu kali na haitoki kwenye ngozi wala sare.

Seurat, Mfaransa aliyefariki mwaka 1891 akiwa na miaka 31 tu, hahitaji maelezo mengi. Picha yake ya watu wanaopumzika kando ya mto Seine, iliyoko Chicago, ina upana wa mita tatu hivi, na aliijaza nukta ndogondogo kwa subira ya ajabu. Wape watoto vijiti vya pamba, rangi ya njano na ya bluu, na wazipige nukta zikiwa karibu karibu bila kuzichanganya. Kisha itundike kazi yao mwisho wa chumba na uwaambie warudi nyuma hatua kwa hatua hadi nukta zianze kuungana machoni mwao.

Matisse ndiye anayenigusa zaidi. Baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941 hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu, na akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu alishika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata moja kwa moja, bila kuchora mstari wa penseli kwanza. Hilo la penseli lisisitize, maana watoto wengi wameshazoeshwa kuogopa kukosea. Wapake karatasi zao wenyewe, wazikate kwa mikasi yenye ncha butu, na wavisogeze vipande juu ya karatasi ya manila mpaka waridhike, ndipo uwape gundi. Uji mzito wa unga wa ngano unafaa kabisa.

Katika yote haya, usigawe picha ya chui iliyokwisha chorwa ili mtoto aijaze rangi. Akifanya hivyo atakuwa amejaza kazi ya mtu mwingine, na namna ya kuifanya haitakuwa imempitia mkononi.

Mwisho wa muhula, bandika picha tatu ambazo hawajawahi kuziona, moja ya kila mchoraji, na uwaulize ni ya nani. Jina likitajwa, uliza, "Umejuaje?" Anayejibu, "Kwa sababu hapa alikata, ukingo umepinda kama wangu," huyo mpe nafasi awaonyeshe wenzake ukingo huo kwa kidole.